Bei ya Chini Kabisa: Hesabu ya 1964 na Biashara ya Shangazi

Hebu niwaulize wasee. Una orodha ya bei elfu moja, na zinabadilika kila saa. Utaijuaje ya chini kabisa bila kuzipitia zote kila mara?

Hili swali lilinipiga chenga chuoni. Niliacha chuo kwa sababu ya karo, si kwa sababu yake, lakini niliondoka nikiamini kichwa changu ni kizito. Nikarudi Kitale kumsaidia shangazi kununua mahindi.

Huku kwetu kufuatilia bei si kitu kigeni. KACE, soko la mazao lililoanzishwa 1997, lilikuwa likiandika bei kwenye ubao masokoni, kisha likaanza kuzituma kwa SMS. Lakini ukikariri ile ya chini kabisa tu, halafu ufike upate gunia lishauzwa, umekwama. Ya pili ni ipi? Unarudi kusoma ubao wote upya.

Shangazi harudi. Ana madalali wawili, mmoja Kiminini, mwingine Kimilili kule Bungoma, na kila mmoja ana vijana wake vijijini. Kijana anampa dalali bei yake ya chini, dalali analinganisha, shangazi anapelekewa moja tu. Gunia likienda, anapiga simu upande huo pekee. Wengine hawasumbuliwi. Siku moja alinikuta nikipanga bei zote kwenye daftari, akacheka: "Wewe, ya nini kupanga zote na tunanunua moja?"

Manze, nilinyamaza. Hilo ndilo somo lililonishinda.

Juni 1964, J. W. J. Williams alichapisha mbinu yake kwenye jarida la Communications of the ACM. Inaitwa hipu, yaani lundo. Si mpango wa shangazi haswa, ni binamu yake. Sheria ni moja: mzazi asiwe mkubwa kuliko watoto wake. Basi aliye mdogo kuliko wote anakaa juu, unamwona papo hapo. Ukimtoa, unamchukua wa mwisho, unamweka juu, kisha anashuka akibadilishana nafasi na mtoto mdogo zaidi mpaka atulie. Bei ikishuka, inapanda ngazi. Ikipanda, inashuka ngazi. Kwa vitu elfu moja, ngazi ni kama 10. Kwa milioni moja, kama 20 tu!

Na ujanja wenyewe: mti huo wote unakaa kwenye safu ya kawaida. Aliye nafasi ya 3, watoto wake wako nafasi ya 6 na 7. Zidisha kwa mbili, ongeza moja, basi.

Desemba mwaka huohuo, Robert Floyd akachapisha njia ya kujenga lundo haraka zaidi. Floyd alikuja kuwa profesa Stanford bila PhD. Msinielewe vibaya, alikuwa na digrii mbili na mimi sina hata moja.

Kinachoniuma ni kwamba chuoni tulikariri sheria ya mzazi na watoto, na hakuna aliyetuambia ilikuwa inatatua shida gani. Karo bado sina. Lakini juzi nimeandika programu ndogo ya lundo, nikaingiza bei za Kitale na Bungoma. Shangazi aliitazama, akauliza, "Sasa hii ndiyo ilikushinda?"