Kechi Keni Haikuanzia Kirinyaga Road

Msee, kabla utume pesa ununue kile kikopo cha bluu kinachong'aa, nipe dakika tano. Naongelea kechi keni, lile kopo la kudaka oili kwenye injini ya turbo. Kila wiki kuna mtu ananiuliza achukue gani, na kwa muda mrefu nilikuwa najibu tu, "Chukua yoyote, zote ni makopo." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na si chuo cha uhandisi hata. Lakini jibu hilo lilimgharimu binamu yangu, kwa hivyo nikaketi nikasoma hii kitu ilitoka wapi.

Inatoka kwa uchafu. Pistoni haizibi silinda kabisa. Kila petroli ikilipuka, gesi kidogo inapenya kando ya ringi na kushuka kwenye tumbo la injini, kule chini krenki inakozungukia. Huko inachanganyika na mvuke wa oili, petroli ambayo haijaungua na maji. Ikikosa njia ya kutoka, presha inapanda mpaka sili zinaanza kuvuja. Magari ya zamani yalikuwa na dawa rahisi, rahisi hadi ya aibu: paipu moja inashuka chini ya gari na kumwaga huo mvuke wote barabarani. Hakuna aliyejali.

Los Angeles wakajali, kwa sababu walikuwa wanalia. Literally machozi. Tangu miaka ya 1940 jiji hilo lilikuwa linafunikwa na ukungu wa kuwasha macho, na watu wakabishana umetoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Mholanzi aliyefundisha Caltech, Arie Haagen-Smit, akaonyesha kwamba ni jua linapika mvuke wa petroli pamoja na gesi za magari na viwanda. Mwaka wa 1961 California ikaanza kuwabana watengenezaji: ile paipu ifungwe, mvuke urudishwe ndani ya injini ukachomwe tena. Njia yake ni kile kivalvu kidogo ambacho fundi wako anakiita PCV. Marekani nzima ikafuata, halafu dunia.

Sasa cheki hii. Turbo yenyewe ni mzee kuliko babu zetu; Mswisi Alfred Büchi aliiandikia hataza mwaka wa 1905. Lakini gari la kawaida la kununua lenye turbo lilikuja mwaka wa 1962, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder, zote za General Motors. Yaani karibu wakati uleule injini ilipoambiwa imeze uchafu wake, ndipo ikaanza kulishwa hewa kwa nguvu. Na hizo mbili hazipatani. PCV inafanya kazi kwa sababu injini inanyonya. Ukikanyaga na turbo ikajaza, kule inakonyonya panageuka kuwa presha, kivalvu kinajifunga. Gesi, ambayo saa hiyo ndiyo nyingi zaidi, inapitia paipu ya pili hadi mdomo wa turbo. Turbo inapakwa oili, intakula inapakwa oili, na hewa yenye mvuke wa oili inafanya petroli iwake kabla ya wakati wake. Ile sauti ya injini kugonga ukipanda mlima, sometimes ni hiyo.

Watu wa mbio walikuwa na kopo kitambo. Sheria za FIA za magari ya mashindano zinasema injini inayopumulia nje lazima imwage kwenye kopo, angalau lita 2 kwa injini isiyozidi cc 2000, na lita 3 ikizidi hapo. Halafu kuna kipengele nilichokiruka mara ya kwanza: kopo liwe la plastiki inayopitisha mwanga, au liwe na kidirisha. Lazima mtu aone ndani. Shikilia hiyo, tutairudia.

Huku kwetu, Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, na tangu hapo mtaani kila kijana anataka Subaru yenye turbo. Binamu yangu akapata Forester. Injini za Subaru hizi pistoni zimelala ubavu, kwa hivyo ukikata kona kwa kasi oili inakimbilia upande mmoja na kuingia kwa paipu za kupumulia. Nikamwambia aweke kopo. Tukaagiza la bei ya chini mtandaoni, limepakwa rangi safi, lina kifilta juu.

Miezi mitatu kopo likatoa matone tu. Tukafurahi. "Injini iko fiti," nikasema, mimi mtaalamu. Siku nililofungua na bisibisi, ndani hakukuwa na kitu. Bati tupu. Mvuke unaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine bila kugusa chochote, kwa hivyo oili haikuwa na sababu ya kubaki. Kopo la maana lina vikuta ndani au wavu mnene ambao mvuke unagonga, unageuka matone na kudondoka. Na usijaribu kujaza ile waya ya kusugua sufuria. Vipande vinakatika na injini inavinyonya. Kile kifilta cha juu nacho? Ni ile paipu ya zamani imerudi. Ukiwa kwa jam ya Thika Road utanusa Los Angeles ya 1950 ndani ya gari lako.

Kwa hivyo tukatafuta la pili: limefungwa, lina vikuta, lina kijiti cha kupimia, na mipira ya kustahimili oili yenye tundu pana kama la paipu za awali, maana ukibana njia unarudisha presha kwa sili. Tukaliweka mbali na turbo, palipo na baridi. (Asubuhi za Julai utakuta ndani kitu kama chai ya maziwa. Mara nyingi ni maji ya baridi yamechanganyika na oili, hasa kama safari zako ni fupi. Lakini angalia maji ya rejeta pia.)

Wenye Golf za TSI, nyinyi shida yenu ni tofauti kidogo: petroli inaingia moja kwa moja kwenye silinda, haioshi tena mgongo wa valvu, kwa hivyo ule mvuke unaganda hapo kuwa masizi magumu. Vikuta ndani ya kopo kwenu ni lazima zaidi.

Turudi kwa Forester. Kopo jipya lilijaa nusu kwa siku tisa. Siku tisa! Jumamosi fundi akapima kompresheni: silinda tatu sawa, ya nne chini kabisa. Akamimina oili kidogo ndani, namba ikapanda, akatuangalia tu. Ringi. Zilikuwa zinakufa wakati sisi tunafurahia kopo kavu. Injini inafunguliwa wiki ijayo, na nusu ya bili nimeahidi kulipa mimi.