Singa za Tanga, Kamba za Ulaya

Juma lililopita nilisafiri kwenda Tanga. Sanduku langu lina kufuli iliyokufa siku nyingi, hivyo nililifunga kwa kamba ya plastiki niliyoinunua Kariakoo. Tulipoipita Segera, mkonge ukiwa kulia na kushoto, niliitazama ile kamba nikaona aibu kidogo.

Mkonge si mti wetu wa asili. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mashamba yakaifuata: Ngomeni, Muheza, Korogwe, Mombo.

Sasa tuulize jambo ambalo wengi hatuliulizi: kwa nini kiwanda huwekwa mahali fulani na si pengine? Mkonge unajibu vizuri kuliko vitabu. Katika kilo 100 za majani mabichi, singa ni kama kilo nne tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Tena jani likikatwa halingoji; likikauka, singa hazitoki vizuri. Hakuna tajiri atakayelipa nauli ya meli kusafirisha makapi. Kwa hiyo mashine ya kuchakata ilibidi iwe shambani, karibu na maji, na majani yaletwe kwa matoroli juu ya reli ndogo. Mashine hiyo wafanyakazi waliiita korona, miaka mingi kabla jina hilo halijawa la ugonjwa.

Kiwanda kikiwa shambani, watu nao lazima waletwe shambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kama SILABU, ikawa inakusanya vijana kutoka mikoa ya mbali. Tuliwaita manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alitoka Njombe miaka ya 1950 kukata majani, na alilipwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Usipoijaza, mshahara huuoni. Mpaka anazeeka aliikumbuka namba yake, na mikononi alikuwa na makovu ya miiba. Wakati huo mkonge uliajiri watu zaidi ya laki moja Tanganyika, na hapakuwa na kazi nyingine ya mshahara iliyoufikia.

Lakini singa zikishaanikwa, zikapigwa brashi na kufungwa marobota, hesabu inageuka. Hakuna uzito tena wa kupotea. Kilo ya singa hutoa karibu kilo ya kamba, kwa hiyo kiwanda cha kamba kinaweza kukaa popote. Kilikaa kwa mnunuzi. Tangu mwisho wa karne ya 19, Chicago ilikuwa ikitengeneza mashine za kuvuna na kufunga ngano, na mashine hizo zilikula kamba kama moto ulavyo nyasi. Wakulima wa Ulaya nao wakazitaka. Hivyo kazi yenye jua, miiba na ujira mdogo ilibaki Tanga. Kusokota, kuunda mashine na kupanga bei kukawa kwao. Babu alikata majani miaka sita, wala hakuwahi kuiona kamba ikisokotwa.

Baada ya Uhuru tulijaribu kusokota wenyewe, na Tanga ikapata viwanda vya kamba. Tulichelewa. Plastiki ilikuwa imeshaingia sokoni, nayo hutokana na mafuta ya petroli, haihitaji mvua ya Korogwe wala mtu wa Njombe. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000. Wapo wanaosema mashamba yaliuawa na kutaifishwa mwaka 1967. Usimamizi ulikuwa mbovu mahali pengi, sikatai, lakini bei ilikwishaanza kuporomoka kabla ya mwaka huo. Na Brazili, ambayo plastiki iliibana vile vile, ilitupita, ikalima kwa wakulima wadogo na kuuza kamba iliyokwisha kusokotwa.

Sisemi wa Ulaya hawakuumia. Msokotaji wa huko naye alifukuzwa kazi. Ila yeye mara nyingi alikaa katika mji wenye viwanda vya namna nyingine. Angeweza kubisha hodi jirani. Kwenye kambi ya mkonge mlango ulikuwa mmoja. Ulipofungwa, mzee mwenye namba alibaki na kibanda kisicho chake, mbali na kwao, na nauli hana. Nimewakuta wajukuu zao Muheza, wanalima mahindi katikati ya mistari ya mkonge uliozeeka.

Pale Hale, miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi na umeme. Ni yale makapi ya siku zote, zile kilo 96 ambazo zamani zilimwagwa tu zioze. Nilipokuwa nafungua sanduku langu Tanga mjini, mwenye nyumba aliniuliza kama ile kamba ya plastiki naihitaji tena. Nikamwachia.