Moyo wa Kijana, Mishipa ya Mzee

Philip Blaiberg alikuwa daktari wa meno mjini Cape Town, mtu wa miaka 58, na moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Tarehe 2 Januari 1968, katika Hospitali ya Groote Schuur, Christiaan Barnard na wenzake waliutoa wakamwekea wa Clive Haupt, kijana wa miaka 24 aliyefariki baada ya damu kuvuja kwenye ubongo. Mgonjwa wa kwanza wa Barnard, Louis Washkansky, aliyefanyiwa upasuaji mwezi mmoja kabla, aliishi siku 18 tu; nimonia ikamchukua. Basi dunia nzima ikamkodolea macho Blaiberg.

Halafu palikuwa na suala la rangi. Kwa sheria za Afrika Kusini ya wakati ule, Haupt alikuwa chotara na Blaiberg mzungu. Hawakuruhusiwa hata kuishi mtaa mmoja, lakini moyo wa huyu ukadunda kifuani mwa yule. Magazeti yaliliandika sana hilo, na wengi wetu hadithi tunaikumbuka mpaka hapo. Mimi naona sehemu nzito zaidi ndiyo inaanza.

Blaiberg alirudi nyumbani kwa mkewe, akapigwa picha baharini, akatoa na kitabu kuhusu moyo wake. Tarehe 17 Agosti 1969 akafariki, baada ya miezi 19 na nusu. Hakuna aliyepandikizwa moyo aliyekuwa ameishi zaidi yake hadi siku hiyo.

Moyo ulipochunguzwa, mishipa inayoulisha damu ilikutwa imejaa mafuta na kuwa myembamba vibaya. Hebu fikiria: ugonjwa ambao kwa kawaida huchukua miongo mizima, kwenye moyo wa kijana! J. G. Thomson aliuripoti mwaka uleule katika jarida la The Lancet.

Leo tunajua kinachotokea. Kinga ya mwili huutambua moyo mpya kuwa mgeni, na hata dawa zikiituliza, inaendelea kuzichokoza kuta za mishipa polepole. Kuta zinanenepa kuelekea ndani, njia ya damu inabana. Kwa mgonjwa wa kawaida mafuta huziba mahali fulani, na daktari anaweza kupazibua. Kwa aliyepandikizwa, mshipa hubana karibu wote, mpaka vijishipa vya mwisho. Hapo utazibua wapi? Tena mishipa ya fahamu hukatwa wakati wa upasuaji, kwa hiyo moyo ukikosa damu, mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

Dawa ya siklosporini, iliyoenea miaka ya 1980, ilipunguza sana ile hali ya mwili kuukataa moyo ghafla. Ugonjwa huu wa polepole haukuondoka. Bado ni miongoni mwa mambo makubwa yanayofupisha maisha ya waliopandikizwa, ndiyo maana hupewa dawa za kushusha lehemu, na mishipa yao hupigwa picha kila baada ya muda hata wakijisikia wazima.

Nikirudi kwa Haupt na Blaiberg, jambo moja haliniachi. Kinga ya mwili haisomi kitambulisho wala haiangalii ngozi. Moyo wa mzungu mwenzake, jirani wa mtaa uleule, nao ungepokelewa kama mgeni.