Kumlea Kijana Aliyepona Saratani Akiwa Mtoto

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake.

Mzazi mmoja wa Unguja, anayeishi Morogoro chini ya milima ya Uluguru, ametuuliza kuhusu mwanawe aliyetibiwa saratani ya damu akiwa na miaka 6, akapona. Sasa ana miaka 15. Mama yake hamruhusu kufunga wala kupanda mlimani na wenziwe, na mtoto mwenyewe hajaambiwa aliumwa nini. Huku visiwani nako zimo nyumba zenye hali hiyo, maana watoto wetu na wa Morogoro hupelekwa Dar es Salaam hiyo hiyo, Muhimbili, na mionzi hupewa Ocean Road. Basi tunawajibu wote.

Kubaleghe

Katika madhehebu ya Imam Shafii, mtoto hubaleghe kwa kutokwa na manii, au hedhi kwa msichana, au kwa kutimiza miaka 15 ya Hijria, ambayo ni kama miaka 14 na nusu ya Miladia. Mionzi ya kichwani na baadhi ya dawa za saratani huweza kuchelewesha alama za balehe. Wazazi wasingojee alama: umri ukitimia, sharia imeshamhusu.

Saumu

Saumu zilizompita kabla ya kubaleghe hazina kadhaa. Sasa, ikiwa daktari mwaminifu anayemjua amesema kufunga hakumdhuru, ni wajibu afunge. Akihofiwa kudhurika, atakula na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Ikithibitika kuwa hatoweza tena maishani, atatoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Hofu ya mama haina lawama, lakini peke yake haiondoi wajibu.

Mlima pia tuupime hivyo hivyo. Dawa ya doksorubisini, inayotumika katika saratani kadhaa za watoto, huweza kudhoofisha moyo hata baada ya miaka mingi. Kijana apimwe moyo, kisha afuate atakaloambiwa. Akipanda akakosa pumzi kuliko wenziwe, asinyamaze.

Amana

Lakini atasemaje asiyejua alitibiwa nini? Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, Allah amewaamrisha walezi wawajaribu mayatima, na wakiona wameongoka wawakabidhi mali zao. Nasi tunasema, kwa kukisia juu ya hilo, kwamba khabari za mwili wa kijana ni mali yake, na mzazi alikuwa ameishika tu.

Basi mwombeni daktari karatasi yenye jina la maradhi, dawa alizopewa na kipimo cha mionzi kama alipewa. Mwambieni kidogo kidogo, baba na mama pamoja, na kliniki aanze kuzungumza mwenyewe. Baadhi ya matibabu hupunguza uwezo wa kuzaa. Ni bora alisikie kwenu mapema, ili siku ya posa aweze kusema kweli. Wazee walinena: mficha maradhi, kilio humfichua.

Tunamwomba Allah awakuze watoto wetu katika afya na twaa.

Wallahu aalam.