Nyumba ya Mama, Bati la Baba

Kabla bati halijafika Malambo, mwanamke aliyetaka nyumba hakutafuta fundi. Alitafuta wanawake wenzake. Wao ndio waliokata fito, wakazibeba mgongoni, wakazisimika na kuzisuka, na siku ya kukandika ukuta walioingiza mikono kwenye samadi hadi viwikoni walikuwa wale wale: mama mkwe, mke mwenza, wifi, jirani wa boma la pili. Mwanamume alikuwa na kazi yake huko nje, kukata matawi ya migunga yenye miiba na kuzungusha ua wa boma. Kuhusu nyumba yenyewe, ikae vipi na mlango uelekee wapi, hakuwa na neno kubwa.

Malambo ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, katika Tarafa ya Sale, jirani na milima ya Gol na tambarare za Salei. Ni nchi kavu. Milima mirefu ya Ngorongoro hukinga mvua itokayo upande wa bahari, ikabaki na sehemu kubwa yake, na tambarare zikapata masazo. Mfugaji wa eneo hili tangu zamani ameishi kwa kufuata manyasi: mvua ikinyesha anashuka tambarare, kiangazi kikikaza anapanda kwenye maji na malisho ya milimani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na nyumba ya kumfunga mguu. Anahitaji nyumba inayoweza kusimama kwa muda mfupi, kwa vitu vilivyo karibu, na inayoweza kuachwa bila majuto.

Nyumba hiyo ni enkaji, na wanaoitazama kutoka kwenye dirisha la gari la watalii huiona kama kichuguu chenye mlango. Wakishuka wakaingia, wanakutana na hesabu nyingine. Kuna nguzo zenye panda zinazobeba paa, na fito nyembamba zilizosukwa kwa kulala na kusimama, zikafungwa kwa kamba za magome ya miti. Katikati ya fito hushindiliwa majani na nyasi, na penye mleleshwa hutumika mleleshwa, ambao una harufu nzuri. Juu ya yote huja samadi mbichi ya ng'ombe, iliyokorogwa na udongo au majivu, ikapigwa kwa viganja mpaka ukuta na paa vikawa kitu kimoja. Ikikauka haina harufu tena, na ni ngumu kuliko mgeni anavyodhani. Mtu mrefu hawezi kusimama wima ndani. Mlango umekunjwa kama ganda la konokono ili upepo, na mara nyingine simba, asiingie moja kwa moja. Ndani kuna moto katikati, zizi dogo la ndama, kitanda kikubwa na kitanda kidogo vilivyotandikwa matawi na ngozi, na tundu la ukutani la kupitisha mwanga na moshi.

Moshi huo umesemwa sana na wataalamu wa afya, na hawakukosea, kwani macho na mapafu ya wanawake yameulipia. Lakini ulikuwa na kazi yake. Ulifukuza inzi na mbu, ukakausha fito zisiliwe na wadudu.

Jambo moja husahaulika katika sifa zote za ujenzi huu wa asili: nyumba ya Kimaasai inahitaji ng'ombe kuliko inavyohitaji miti. Bila zizi hakuna samadi, na bila ngozi hakuna kitanda. Mwaka 1892, Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyekuwa akipita katika nchi ya Wamaasai, alifika kasoko ya Ngorongoro mwezi Machi na kukuta watu waliokondeana kwa njaa. Sotoka ilikuwa imefagia mifugo ya Afrika Mashariki, ndui ikafuata, na Wamaasai wanakikumbuka kipindi hicho kwa jina la emutai. Vitabu vya historia huhesabu ng'ombe waliokufa. Havitaji mapaa yaliyovuja mwaka uliofuata kwa kukosa cha kuzibia, wala wanawake waliohama bila cha kupakia.

Maana kuhama kulikuwa kupakia. Gari la kuhamia lilikuwa punda, na punda walikuwa chini ya himaya ya wanawake. Ngozi za kulalia, vibuyu vya maziwa, vyungu, watoto wadogo na hata baadhi ya fito nzuri zilizokuwa ngumu kupatikana kule waendako vilifungwa mgongoni na ubavuni mwa punda kwa utaratibu ambao mama alimfundisha binti. Nyumba iliyobaki iliachwa iporomoke. Punda huyu amekuwa na bahati mbaya miaka ya karibuni, akawindwa kwa ajili ya ngozi yake inayouzwa China kutengenezea dawa, hadi Umoja wa Afrika ulipopiga marufuku biashara hiyo Februari 2024. Anayeishi mjini anaweza kuiona kuwa habari ndogo. Kwa mama wa Salei, punda ndiye mabomba na lori.

Bibi harusi naye alikuwa na safari yake. Aliletwa kwenye boma la mume akiwa hana nyumba, akalala kwa mama mkwe au kwa mke mkubwa, akajifunza desturi za mji ule. Nyumba yake ilikuja baadaye, na haikuwa zawadi ya mume: aliijenga kwa mikono yake na ya wanawake waliomzunguka. Mahali pake palijulikana kwa kufuata lango. Nyumba ya mke wa kwanza husimama upande wa kulia wa lango la boma, ya mke wa pili kushoto, na kuendelea hivyo kwa kupishana. Watoto wanaozaliwa humo, na ng'ombe anaowakamua mama huyo, huhesabiwa kwa nyumba yake. Mume ndiye aliyekuwa mgeni anayeingia nyumba hii leo na ile kesho.

Mapambo je? Hapa mtu aliyezoea nyumba za pwani, zenye milango ya kuchongwa na vyombo vya kaure ukutani, angeona hakuna kitu. Kuta za enkaji hazikuchorwa. Wamaasai wana michoro ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi kwenye miamba ya Moru, ndani ya Serengeti, yenye ngao na wanyama, lakini hiyo ni kazi ya vijana wa moran walipojitenga kula nyama, haihusu makazi ya mama. Urembo wa nyumba ulikuwa ule unaobebeka: shanga za shingoni na masikioni, na vibuyu vilivyopambwa kwa shanga na kauri, vikatundikwa au kuegeshwa penye kitanda cha mama. Kibuyu kilipendeza nje na ndani kilisafishwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, oloirien, mpaka maziwa yakapata ladha ya moshi ambayo wenyewe huitambua mara moja. Rafiki aliyekuja kukusaidia kuhamia hakuja na picha ya kutundika. Alikuja na kijinga, na pengine kibuyu.

Aliyeivuruga kwanza hesabu ya nani mwenye nyumba hakuwa fundi wala bati, alikuwa karani wa kodi. Serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kodi ilimtafuta mwanamume. Mwenye wake watatu alihesabiwa nyumba tatu na kutozwa, ingawa hakuna hata moja aliyoisimamisha yeye. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, aliyeandika kwa kina juu ya Wamaasai wa Tanzania, ameonyesha jinsi mipango ya aina hiyo ilivyomfanya mwanamume kuwa mmiliki wa mambo ambayo zamani yalikuwa na wenyewe wengi. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ya mama kuandikwa jina la baba kwenye karatasi, na karatasi, kama tutakavyoona, haikuishia hapo.

Kisha ukaja uhamaji usiofuata manyasi. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 sheria ikaigawa nchi ile sehemu mbili: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti bila wakazi, na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Familia zilipakia punda kutoka Moru na kwingineko, nyingine zikielekea nyanda za juu za Ngorongoro, nyingine upande wa Loliondo. Mwaka 1974 ikafika zamu ya waliokuwa wakiishi ndani ya kasoko, na safari hiyo walihamishwa na askari. Nyumba inayojengwa kwa muda mfupi inaweza pia kubomolewa kwa asubuhi moja, na jambo hili limewafanya watawala wengi waamini kwamba haina thamani ya kulipwa.

Wakati huo huo nchi nzima ilikuwa inahama. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kila Mtanzania wa kijijini sharti awe anaishi katika kijiji ifikapo mwisho wa 1976. Umaasaini zoezi hilo liliitwa Operesheni Imparnati. Boma zilitakiwa zikae karibu na shule, zahanati na josho. Faida zilikuwepo: mtoto wa mfugaji alipata dawati, ng'ombe akapata dawa. Lakini enkaji, iliyobuniwa kuachwa baada ya miaka michache, sasa iliambiwa ikae hapo hapo. Fito za karibu zikaisha, mchwa wakazoea njia, na mama akawa anakandika ukuta ule ule kila masika, usiku mwingine akipanda juu ya paa mvua ikinyesha, samadi mkononi, azibe panapovuja.

Ndipo bati likapata soko. Malambo iko nje ya mipaka ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, na tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Ndani ya hifadhi ujenzi wa nyumba za kudumu umebanwa na masharti ya mamlaka kwa miongo mingi. Kule Malambo, mwenye ng'ombe wa kuuza anaweza kuleta saruji, misumari na mabati kwa lori, akaita fundi kutoka mbali, akajenga nyumba ya pembe nne yenye kufuli. Hapo kazi ikahama mikono. Fundi ni mwanamume na hulipwa fedha. Fedha hutoka kwenye ng'ombe, na kauli ya mwisho kuhusu ng'ombe wa kwenda mnadani ni ya baba. Nyumba ya kwanza ya bati katika maboma mengi ni ya mume, yenye makochi na kalenda ukutani, huku enkaji za wake zikibaki nyuma yake zikipikiwa.

Kwenye karatasi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji. Baraza la Wanawake Wafugaji, lililoanzishwa Loliondo mwaka 1997, limetumia miaka mingi kuwaambia wanawake hivyo. Kazi ni ngumu kwa sababu sheria inazungumzia hati, ilhali bibi zao hawakuhitaji hati. Walikuwa na ukuta waliokandika wenyewe.

Mfano mkubwa kuliko yote wa nyumba kutoka mikononi mwa mama umetokea mbali na Malambo. Kuanzia Juni 2022, familia kutoka ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro zilianza kupelekwa Msomera, wilayani Handeni, mwendo wa kilomita zipatazo 600. Serikali ilisema ni kwa hiari; wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu wamebisha. Huko zilikuta nyumba za vyumba vitatu zinazofanana kama mapacha, zikiwa tayari zimejengwa. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilitaja malalamiko kwamba nyumba kama hiyo haitoshi familia kubwa, ikiwemo yenye wake kadhaa. Kwa mtu anayejua lango la boma, swali linakuja lenyewe: mke mkubwa anakaa chumba kipi, na mke mdogo ampishe wapi? Nyumba ya kukabidhiwa ufunguo haina upande wa kulia na wa kushoto. Na hakuna mwanamke aliyeitwa kuikandika, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake siku ya kusaidiwa.

Isidhaniwe kwamba kusaidiana kumekufa. Kumebadilisha mizigo. Penye vikundi vya kuweka na kukopa, mwanamke anayehamia nyumba mpya huchangiwa godoro, masufuria, sukari, shuka na pazia. Shanga nazo zimepanda ukutani: zile zilizokuwa zikivaliwa au kupamba vibuyu sasa huzungushiwa fremu ya picha au kupamba kitambaa cha kochi. Huko Monduli wanawake wamefunzwa kujenga majiko yenye bomba la kutolea moshi ndani ya nyumba za asili, na wakarudi kuwa mafundi wanaoitwa boma kwa boma. Kati ya mabadiliko yote ya nyumba ya Kimaasai, hilo ni mojawapo ya machache yaliyoanza kwa kumkabidhi mwanamke vifaa vya ujenzi badala ya kumpokonya.

Bati lenyewe halina ubaya. Halivuji usiku, na katika nchi kavu kama Malambo linaweza kuvuna maji ya mvua ambayo mama angeyafuata mbali akiwa na punda wake. Ila maji hayo yanataka mfereji na tangi, na bajeti ya nyumba inapobana, hivyo viwili ndivyo rahisi kuahirishwa, kwa kuwa anayehesabu gharama siye anayechota maji.