Sayyid Barghash na Wanavyuoni wa Baraza Lake

Mwenye kukaa Forodhani jioni akingoja mshikaki wake uive huikabili bahari, na Beit al-Ajaib huipa mgongo. Si ajabu, kwani upepo watoka baharini. Lakini khabari tunayotaka kuieleza leo iko huko nyuma ya mgongo wake, katika majumba yale ya kifalme na wale waliokuwa wakiingia na kutoka humo: mabwana wakubwa, makadhi na wanavyuoni, na wengine walioingia wakiwa na hishima zao wakatoka kupelekwa gerezani.

Jina la Forodhani latokana na forodha, nyumba ya ushuru. Hapo hapakuwa na bustani wala viti vya kupumzikia. Palikuwa na magunia ya karafuu, pembe za ndovu, wachukuzi na makarani. Forodha yenyewe mfalme aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi. Nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyoishika kwa miaka mingi, na mwaka 1876 ikaingia mikononi mwa Taria Topan. Wao walimlipa mfalme kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha wakakusanya wenyewe. Kwa hivyo fedha ya baraza ilitoka hatua chache tu kutoka mlango wa baraza.

Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti tarehe 7 Oktoba 1870, baada ya kufa ndugu yake Sayyid Majid. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwaka 1859 aliwahi kuasi ili amnyang'anye Majid ufalme, na dada yake Sayyida Salme, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa miaka kumi na tano hivi, ndiye aliyemwandikia barua zake za siri. Uasi ulishindwa na Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko kiasi cha miaka miwili. Salme baadaye aliolewa na Mjarumani, akaingia Ukristo, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake ambacho ndicho kinachotupa picha nyingi za ndani ya majumba yale: siku iliyopimwa kwa sala tano, mizinga ya kuandamia mwezi wa Ramadhani, na baraza la baba yao ambamo kila mtu alijua pa kukaa.

Baraza la Barghash lilifuata desturi hiyo hiyo. Watu walikaa kwa kupangana pande mbili za ukuta, mfalme mwisho wa chumba, na mgeni akaletewa kahawa na sharbati. Majumba yaliunganishwa kwa madaraja ya juu ili wanawake wa kifalme wapite bila ya kuonekana na watu wa njiani. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa ya sherehe na kupokea wageni zaidi kuliko ya kulala, na milango yake mikubwa ilichongwa aya za Kurani. Ndiyo hiyo ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wafalme wa Unguja walikuwa Maibadhi. Raia wao Waislamu, Waswahili na Wangazija na Mahadharami na watu wa Barawa, walio wengi walikuwa Mashafi. Hilo halikuwa tatizo kubwa wakati wa Sayyid Said. Yeye aliweka makadhi wa madhehebu zote mbili, kila mtu akahukumiwa kwa madhehebu yake, na Sheikh Muhyiddin al-Qahtani wa Barawa, mwanachuoni wa Kishafi, alikuwa na daraja kubwa mbele yake mpaka baada ya Said mwenyewe kufa. Kwa upande wa Maibadhi alikuwapo Sheikh Nasir bin Abi Nabhan al-Kharusi, aliyefariki Unguja mwaka 1847. Inasimuliwa kwamba alikata roho kichwa chake kimelazwa katika mapaja ya Sayyid Said. Hata kama kisa kimetiwa chumvi kidogo, chaonesha watu walivyokuwa wakiuona uhusiano wa mfalme na mwanachuoni siku zile.

Barghash alikuwa mtu wa tabia nyingine. Alikuwa mshika dini, na tangu ujana wake alikuwa karibu na wanavyuoni wakali wa Kiibadhi. Tusisahau yaliyokuwa yakipita Oman. Mwaka 1868 wanavyuoni wa huko walimtoa mtawala wa ukoo wake, Salim bin Thuwaini, wakamchagua Azzan bin Qais kuwa imamu. Maana kwa asili ya Uibadhi kiongozi huchaguliwa na wenye ilimu, hairithiwi kama shamba. Azzan aliuliwa mapema mwaka 1871, miezi michache tu baada ya Barghash kukalia kiti, na Maskati ikachukuliwa na Turki, ndugu yake Barghash. Kwa hivyo alipokuwa akiwatazama masheikh mbele yake, aliona kitu ambacho wafalme wengi hawakioni: watu wenye uwezo wa kumtoa. Mimi naona hili laeleza mengi katika aliyoyafanya baadaye.

Mambo yalianza kwa shida. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Tarehe 5 Juni 1873, baada ya Waingereza kumtishia kuizuia bandari yake kwa manowari, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari na kufunga soko lao. Mahali pa soko pakajengwa kanisa la Mkunazini. Inafaa isemwe wazi kwamba fahari yote ya majumba yale, na mishahara ya makadhi pia, ilisimama juu ya mashamba yaliyolimwa na watumwa, na ni wachache sana katika baraza, wa madhehebu yoyote, waliolifanya hilo kuwa suala la kumkabili nalo mfalme.

Mwaka 1875 alisafiri Uingereza, akarudi kwa njia ya Misri. Baada ya hapo akaleta mambo mengi: maji ya mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji, meli za mvuke, hamamu pale Hamamni. Hata taarabu yasemekana ilitokana naye, kwa kumpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Lakini katika yote hayo lililo kubwa kwa wenye ilimu ni matbaa. Mnamo 1880 mtambo wa kupiga chapa ulikuwa umekwisha anza kazi Unguja, na kitabu ulichokianza kilikuwa Qamus al-Sharia cha Jumayyil bin Khamis al-Saadi, kitabu cha fiqhi ya Kiibadhi chenye mijalada tisini. Haikuchapwa yote. Baadaye ilichapwa hapo hata tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfiyyash wa Mzab, Algeria. Fikiri: mtu wa jangwani Algeria apelekewe kazi yake kisiwani Unguja ili ipigwe chapa! Maibadhi wa dunia nzima walinufaika na mkono huo wa Barghash.

Na mkono huo huo ndio uliofunga watu. Sheikh Ali bin Khamis al-Barwani, kijana hodari aliyezaliwa mwaka 1852 katika nyumba ya Kiibadhi, aliingia madhehebu ya Kishafi. Barghash akamtia gerezani. Alitolewa baadaye, akafa mwaka 1885 akiwa na miaka thalathini na tatu tu. Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija wa mwaka 1861, Barghash mwenyewe alimweka ukadhi angali kijana. Hawakuchukuana. Akaacha kazi akasafiri, akafika mpaka Istanbul, na hakurudi Unguja kukaa mpaka Barghash alipokufa. Aliporudi akawa kadhi tena, na alikuwa mwenye kutegemewa Afrika Mashariki yote mpaka alipofariki mwaka 1925.

Si wote waliopata mkasa. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, wa Barawa, aliyekuwa kadhi Kilwa tangu ujanani, Barghash alimtuma bara kwa kazi za ufalme, kwani alijua lugha na watu. Huyu naye alikuwa Mshafi na mtu wa tarika ya Kadiria. Basi hatuwezi kusema mfalme aliwachukia Mashafi. Alilolichukia ni mtu kutoka katika madhehebu ya wafalme, au kusimama mimbarini na kuyapinga.

Na aliyesimama akayapinga ni Sheikh Ali bin Abdalla al-Mazrui wa Mombasa. Alizaliwa mwaka 1825. Ukoo wake ndio uliotawala Mombasa mpaka Sayyid Said alipoutoa mwaka 1837, akawasafirisha wakubwa wao na wengi wasirudi. Sheikh Ali alisoma Makka, akarejea Mombasa, akawa kadhi, na akafundisha na kuandika kuyajibu madhehebu ya Kiibadhi bila ya kuficha. Kwa Barghash neno hilo likitoka kinywani mwa Mazrui halikuwa la fiqhi peke yake. Mwaka 1887 alimleta Unguja akamfunga.

Wakati huo Barghash mwenyewe alikuwa mgonjwa, na milki yake ikikatwa vipande. Wajarumani na Waingereza walikwisha gawana bara mwaka 1886, wakamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi. Hakuna mwanachuoni aliyemfanyia hayo. Alifariki mwezi wa Machi 1888. Ndugu yake Sayyid Khalifa bin Said alipokalia kiti alimfungulia Sheikh Ali.

Sheikh Ali alirejea Mombasa akadarisisha mpaka alipofariki mwaka 1894. Miaka mitatu baada ya kutoka gerezani, mwaka 1891, alizaliwa mwanawe Al-Amin, akamwacha mtoto mdogo. Ndiye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ambaye mwaka 1932 alitoa Mombasa gazeti la Al-Islah, likipigwa chapa kwa Kiarabu na Kiswahili.