Kokoto na Lami

Kokoto na lami ni vifaa vya kujengea tabaka la juu la barabara. Kokoto, yaani mawe yaliyopondwa, hubeba uzito wa magari. Lami huzishikamanisha na kuzuia maji yasipenye.

Kokoto za vipimo maalumu zilienezwa na Mskoti John Loudon McAdam (1756–1836), msimamizi wa barabara za Bristol, Uingereza, kuanzia mwaka 1816. Thomas Telford, aliyeishi zama zake, alianza na msingi wa mawe makubwa yaliyopangwa kwa mkono. Kwa McAdam hiyo ilikuwa gharama ya bure: udongo wenyewe hubeba mzigo, mradi uwe mkavu. Basi aliinua barabara kidogo, akaipa mgongo ili maji yateremkie mitaroni, akatandaza kokoto tupu, unene wa sentimita 25 hivi. Jiwe lililozidi gramu 170 lilikataliwa. Zilitakiwa zenye pembe kali, maana hushikana zikikanyagwa. Za mviringo huteleza. Vibarua waliziponda kwa nyundo ndogo wakiwa wameketi, kwa hiyo hata wanawake na wazee walipata ajira.

Magurudumu ya chuma yalisaga kokoto za juu, na unga wake ukilowa uliziba mianya. Motokaa zikaja kuuvuruga mpango huo: matairi ya mpira yaliufyonza unga na kuziacha kokoto zimelegea. Mwaka 1902 daktari Ernest Guglielminetti alipaka lami barabarani huko Monaco ili kuzuia vumbi. Mwaka huohuo Edgar Purnell Hooley wa Nottinghamshire alipata hataza ya kuchanganya kwa mashine lami na mavi ya chuma, kisha kutandaza na kushindilia. Sifa ya uvumbuzi anayopewa imezidi kidogo, kwani lami ilikwisha kutumika juu ya kokoto tangu karne ya 19.

Lami ya wakati ule ilitokana na makaa ya mawe, masalio ya viwanda vya gesi. Ina kemikali zinazosababisha saratani. Siku hizi hutumika ile ya mafuta ghafi. Katika barabara nyingi za Afrika Mashariki lami ya moto hunyunyizwa, kokoto ndogo zikamwagwa juu na kushindiliwa, kisha kazi hurudiwa kwa tabaka la pili. Mtaro ukiziba, maji huingia kupitia nyufa na kandokando, udongo wa chini hulainika, na shimo hutokea hata pale ambapo lami yenyewe ilikuwa bado nzima.